Kabla ya Kuipiga Propela Tupa, Angalia Nyuma Yake

Propela iliyogonga mwamba huonyesha jeraha lake waziwazi, na ndiyo sababu wengi huyalainisha kwa tupa mapanga yake, yaani mabawa yake, wakaifunga tena na kuondoka. Baada ya miaka ya kuitengeneza mwenyewe injini ya boti yangu, naona kazi hiyo inapaswa kuanzia nyuma ya propela, kwenye shafti (mhimili unaoizungusha) na sili zake (pete za mpira zinazozuia maji), kwa kuwa huko ndiko hasara ndogo hukua bila mtu kuiona.

Kwanza chomoa waya za plagi, kwani injini iliyo kwenye gia yaweza kuwaka propela inapozungushwa kwa mkono. Bana kipande cha mbao kati ya panga na bamba lililo juu yake, toa pini inayozuia nati, fungua nati, kisha weka wosha zote (pete bapa) kwa mfuatano zilivyotoka. Sasa chunguza shafti kwa makini. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia samaki umejizungusha pale, na mshipi huo, ukiachwa, hukata sili taratibu hadi maji yakaingia kwenye giaboksi, yaani sanduku la gia.

Ili kujua kama yameshaingia, legeza skrubu ya chini ya giaboksi na uache oili kidogo itoke. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamo, na sili lazima zibadilishwe. Kumwaga oili na kujaza nyingine pekee ni kujidanganya. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya skrubu si la kuogofya, lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni kazi ya fundi. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini hadi itokeze tundu la juu bila mapovu, kisha hufungwa skrubu ya juu kwanza, ndipo ya chini, zote zikiwa na wosha mpya.

Zungusha shafti ikiwa gia huru: ikiyumba, imepinda, na hapo usiendelee. Ikiwa imenyooka, ndipo urudi kwenye mapanga. Mapengo madogo ya ukingoni kwenye propela ya alumini hulainishwa kwa tupa, lakini panga lililopasuka karibu na shina lisigongwe nyundo. Kwa injini ndogo zenye pini ya kukatika, weka pini ya aina ile ile, kamwe si msumari, kwa maana pini hiyo imekusudiwa kuvunjika ili gia zisalimike.

Paka shafti grisi isiyooshwa na maji na ufunge propela kwa pini mpya ya kuzuia nati. Injini ikinguruma kwa kasi huku boti haisongi, shuku mpira ulio ndani ya kitovu cha propela: chora mstari mmoja unaokatiza kitovu cha ndani na sehemu ya nje, safiri kidogo karibu na ufuko, kisha utazame. Mstari ukiwa umeachana, mpira huo umekwisha, na boti irudishwe kwa mwendo wa taratibu hadi propela ibadilishwe.