Injini ya ndege kwenye banda la ng'ombe? Kawaida tu Kanada

Kaka uliyeuliza injini ya ndege ya vita imefikaje kwenye banda la ng'ombe huko Manitoba, wala haikudondoka hapo. Vita ilipoisha 1945 Kanada ilibaki na ndege kibao za mafunzo ya kijeshi, Anson, Bolingbroke na nyinginezo, zikauzwa bei ya kutupa, basi mkulima ananunua ndege nzima anaivuta na trekta mpaka kwake halafu anaichuna kama mbuzi, matairi yanaenda kwenye trela, waya, bolti, mabomba, hadi petroli iliyobaki kwenye tenki anachota, bodi wanabaki nayo watoto wanachezea. Ndo maana mafundi wa makumbusho wamekuwa wakizifuata huko huko mashambani.

Kama hiyo injini yako ya duara, yaani silinda zimepangwa kuzunguka katikati, ina silinda 9 na ilitoka kwenye Bolingbroke basi ni Bristol Mercury. Ila usikurupuke kupiga starta! Injini ikikaa, oili hushuka ikajaa silinda za chini, ukilazimisha unapinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Toa plagi za chini kwanza, zungusha kwa mkono taratibu oili imwagike yote. Na zile mita za dashibodi zinazong'aa gizani msizikwangue jamani, ile rangi mara nyingi ni radiamu, ina mionzi hatari.