Kuvua besi Susquehanna: leseni, bwawa na gari la pili
Ndugu, umeuliza ubebe nini Jumamosi ukienda na rafiki yako kuvua samaki aina ya besi kwa kayaki (kimtumbwi chembamba cha kasia) mto Susquehanna, karibu na mji wa Harrisburg, Marekani. Vifaa si tatizo. Kata leseni kwanza. Jimbo hilo, Pennsylvania, linaidai kwa kila mvuvi aliyefikisha miaka 16.

La kuogopa ni bwawa fupi la Dock Street, yaani ukuta mfupi uliokatiza mto, palepale mjini. Ukitokea juu hulioni, maji yametulia kama ya kwenye beseni, kumbe upande wa chini yanajizungusha na kukurudisha ukutani. Limeshaua watu. Tokeni majini mapema, na jaketi la kujiokolea usilivue hata jua likichoma.

Besi wa pale, wale wa mdomo mdogo, hujibanza nyuma ya miamba mkondo unapokatika, wakivizia kamba wa mtoni. Tupa chambo cha mpira cha kahawia juu kidogo ya mwamba, ukiache kiburuzwe na maji. Usivute haraka (mimi papara ilinila asubuhi nzima).

Acheni gari moja mtakapomalizia. Kupiga kasia kurudi juu ni adhabu. Na nyumbani usiwaahidi kitoweo: sehemu hiyo besi hurudishwa majini, kwa hiyo someni kanuni za msimu kabla ya kutoka.