Unaanza kugusia rangi kwenye uso wa saa? Kaa hapa kwanza

Naulizwa sana kuhusu kale kajeraha ka rangi kwenye uso wa saa, yani kadoa ka ukubwa wa punje ya chumvi hivi, ambako ukishakaona mara moja basi huoni tena saa, unaona kadoa tu. Hii kazi nimeifanya kwa muda, zingine zimetoka fresh na zingine niliharibu mpaka nikatamani ningeziacha zilivyokuwa, kwa hiyo we unayeanza chukua kinachokufaa hapa.

Kwanza hakikisha kweli ni rangi. Usicheke. Mi nishawahi kufungua saa, nikang'oa mishale, nikatoa uso, nikakaa na lenzi jichoni natafuta kadoa sikaoni, kumbe ulikuwa uchafu umegandia kwenye kioo kwa ndani, nusu siku imeenda hivo. Jicho liweke sehemu moja, inamisha saa kushoto na kulia, kadoa kakihama ukilinganisha na namba za jirani ujue kako kwenye kioo, kakitulia palepale ndo kako usoni. Alafu ukishafungua puliza na kile kipulizo cha mpira, sio mdomo, mdomo unatema mate hata ujiamini vipi. Vumbi jeupe juu ya uso mweusi linafanana na rangi iliyobanduka kuliko unavyodhani.

Ukithibitisha ni rangi jiulize imetokaje. Kama ni kibano kiliteleza wakati fundi anarudisha mishale utaona kidonda kisafi, kingo kali, na chini yake unjano wa shaba maana nyuso nyingi zimetengenezwa kwa bati la shaba ile ya njano njano. Hicho kinarekebishika. Lakini ukikuta rangi imevimba kama lengelenge, unyevu umeingia na chuma chini kinaliwa, ukiziba juu unafunika tatizo na baada ya muda litainuka tena pembeni ya kiraka chako. Hiyo acha. Au mpe mtu wa kuupaka uso wote upya, ambayo ni kazi nyingine kabisa na kwa saa ya zamani inashusha thamani kuliko kadoa kenyewe, wakusanyaji wanapenda uso wa asili wenye kovu kuliko uso mpya wenye kung'aa.

Kuna nyuso ambazo mi sizigusi. Zile zenye miale, zinazobadilika mwanga ukizungusha mkono, pale kuna mistari midogo sana imechongwa kwenye chuma alafu juu yake rangi inayopitisha mwanga, we ukiweka tone lako linakaa kama shimo, ukiangalia upande huu limepotea, ukigeuza saa kidogo linakuonyesha kidole. Zile za fedha za zamani nazo hivohivo, maandishi yake yanaweza kutoka kwa kitambaa chenye maji tu.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Saa za zamani zenye namba au mishale ya kuwaka gizani, hasa za kabla ya miaka ya 1970, usikwaruze chochote mpaka ujue kilichopakwa ni nini. Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, yani madini yanayotoa mionzi ya hatari. Haziwaki tena, na hapo ndo watu wanadanganyika wanadhani imekufa, kilichokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua kama miaka 1600 hata ipungue nusu. Kuvaa saa iliyofungwa ni jambo moja, kuvuta vumbi lake puani ni jambo lingine. Wale wasichana wa viwandani Marekani miaka ya 1920 waliambiwa wachongoe brashi kwa midomo ili ncha iwe nyembamba, wakaoza mataya na wengi wakafa. Ukiona herufi T chini kwenye uso, mfano "T SWISS T", hiyo ni tritiamu, nayo inatoa mionzi ila ni ya baadaye na mionzi yake ni hafifu zaidi, hata hivo usiikwaruze. Na hata kwa rangi ya kawaida, tabia ya kulamba brashi iache leo, nimewaona wanaoanza wakifanya bila hata kujijua.

Rangi sasa. Anza na akriliki ya maji, zile za watu wanaotengeneza vindege na vigari vya modeli. Sio kwamba ndo bora kuliko zote, rangi ya mafuta inatulia vizuri zaidi ikikauka, lakini akriliki ukikosea unaifuta ikiwa bado mbichi na ncha ya kijiti yenye unyevu kidogo na hakuna aliyeumia, mafuta yanataka tina na hapo ndo vilio vinaanza, maana tina kali au asetoni ikigusa vanishi ya asili inaiyeyusha na kadoa kako ka punje ya chumvi kanakuwa ziwa. Rangi ya kucha ni hivohivo, usiiguse. Kalamu ya maka nyeusi ndo kabisa, ikikauka inatoa kazambarau ukiiweka juani.

Kupata rangi sawa ndo nusu ya kazi na watu wanapaharakisha. Nyeusi ya saa sio nyeusi. Uso wa miaka 40 umeshaelekea kahawia au kijivu, na nyeupe nyingi ukiziweka pembeni ya karatasi unakuta ni krimu. Mi nachanganya juu ya kipande cha kioo, napaka kidogo kwenye mkanda wa plastiki inayoonyesha upande wa pili, nauacha ukauke kabisa kwa sababu akriliki inakolea kidogo ikikauka, alafu naulaza mkanda karibu na kidonda bila kukandamiza naangalia. Naangalia dirishani, alafu naangalia chini ya taa. Kuna mchanganyiko unakubali kwenye taa ukitoka nje unakataa, na saa watu wanaivaa nje. Na kama uso haung'ai tumia rangi isiyong'aa, na chupa uitikise mpaka mkono uchoke, maana ile poda inayoua mng'ao inazama chini, usipotikisa unapaka kitu kinachong'aa huku chupa imeandikwa vingine na utabaki unalaumu rangi.

Kupaka kwenyewe situmii brashi, natumia sindano ya kushonea. Chovya ncha, gusisha kwanza kwenye kioo ipunguze mzigo, alafu gusa katikati ya kidonda basi, nyanyua. Usisugue, usipake kama ukuta. Rangi yenyewe inatembea mpaka kwenye kingo na inasimama pale, ikiwa na uzito wa maziwa hivi. Weka kidogo kuliko kidonda kinavyotaka, ikikauka inazama, unarudia mara ya pili labda ya tatu, na kati ya mara na mara funika uso na glasi ya kunywea iliyopinduliwa vumbi lisikae. Ukiweka nyingi mara moja inakaa kama chunusi na hakuna msasa duniani utakaoishusha bila kuchubua majirani. Mkono wote ulale mezani, vidole vidogo vigusane, toa pumzi alafu gusa ukiwa umetulia. Lenzi ya mara 5 inatosha kupakia, ya mara 10 ni ya kukagua tu, ukifanyia kazi kwenye ya 10 utaona mkono wako unatetemeka kama uko kwenye lori na utaogopa bure.

Kidonda kikiwa kwenye maandishi, mfano mguu wa herufi umekatika, hiyo usianze nayo. Ukizidisha mstari, rangi ikiwa bado haijakomaa punguza na kijiti cha meno ulichokichonga, chuma hapana. Jina la saa lenyewe mi huwa naliacha hata likiwa na pengo.

Kujizoeza tafuta uso wa saa mbovu, utoboe vijeraha mwenyewe kisha uvizibe. Mi wa kwangu wa kuharibu ulikuwa mweusi wa saa ya kuzamia, nilishamaliza, tone la pili lilikuwa limekaa sawa kabisa, sikuridhika kwa sababu nilikuwa nauangalia kwa lenzi, nikaongeza, nikaongeza tena, nikajaribu kufuta nikatoa na rangi ya asili. Kila ninayemfundisha anaharibu pale pale, yani baada ya kuwa ameshapona. Kwa hiyo sheria yangu ni hii, toa lenzi, weka uso umbali ambao mtu anaangalia saa mkononi, kama kadoa hukaoni mpaka ukatafute basi umemaliza, funga chupa. Na ukikaangalia hivo hivo kabla hujaanza ukakuta hakaonekani, hukuwa na kazi ya kufanya hapo.

Acha ikauke siku moja nzima kabla ya kurudisha mishale, mi naacha mbili, kwa sababu unaporudisha mishale ndo kibano kinateleza tena, na kikiteleza juu ya rangi mbichi unaanza upya.

Mwisho suala la kuuza. Piga picha kabla na baada, kwa mwanga uleule. Mafundi wa zamani walikuwa wanakwaruza tarehe ya matengenezo ndani ya mfuniko wa nyuma, ukifungua saa ya umri unakuta vimaandishi vya watu watatu wanne, mi naandika kwenye karatasi inayokaa na saa: nimegusa wapi, rangi gani, lini. Mnunuzi akiuliza anapewa karatasi na picha zote mbili, asipouliza anapewa vilevile.