Usiloweke kauri ya kale kwenye jiki, nakuomba

Mkuu, hiyo beseni imwage. Umesema chombo chako cha maua cha Royal Worcester, kauri ya Uingereza, kina madoa ya kahawia karibu na kitako, unataka kujua ni cha mwaka gani na kitauzwa bei gani, na leo usiku unakiloweka kwenye jiki na maji ya moto ili kesho ukipige picha. Umri na bei vitasubiri. Usikiloweke!

Mimi nimeshafanya hivyo. Naishi hapa Derby, Uingereza, na chombo changu kilitengenezwa mji huuhuu. Nilikinunua kwenye gulio la Jumapili: kimo shubiri moja hivi, vishikio viwili, ukingo wa dhahabu, na tumboni shada la waridi. Kitakoni kuna taji, fimbo mbili zilizopishana zenye nukta, na herufi D, vyote kwa rangi nyekundu. Hiyo ni kazi ya mwanzoni mwa karne ya 19. Waridi zake zilichorwa kwa ule mtindo uliompa sifa mchoraji William Billingsley pale kiwanda cha kauri cha Derby: mchoraji anapaka rangi nzito, kisha anaifuta kwa brashi pale mwanga unapoangukia petali, ili weupe wa kauri yenyewe ndio ung'ae. Nilikuwa nakiweka dirishani asubuhi nikikitazama tu.

Mnunuzi mmoja alinipa ofa ya pauni 280. Nikasema nikikitoa madoa kitapanda. Bwana mmoja mwenye meza palepale gulioni akaniambia, "Jiki na maji ya moto, usiku mmoja tu, kitakuwa kipya." Alisema kama mtu aliyefanya mara mia.

Asubuhi nikakuta kishikio kimoja kimelala chini ya beseni. Juu ya maji kulikuwa na kitu kama utando wa maziwa yaliyopoa, chenye rangi ya waridi. Nilipokinyanyua, nusu ya ua kubwa haikuwepo, pamebaki plasta nyeupe. Kumbe kiliwahi kuvunjika, fundi wa zamani akakiunga kwa gundi na kuchora petali upya kwa rangi isiyochomwa tanurini. Nilipoanza kusugua ukingo, dhahabu ikaja na sponji.

Halafu likaja la pili, miezi mitatu baadaye: unga mweupe karibu na kitako, na ule utando wa kioo unaofunika kauri ukaanza kubanduka vipande vidogo kama kucha. Kauri ya Derby ya wakati ule inanyonya maji. Jiki ilipenya kwenye zile nyufa nyembamba kama nywele, ikakauka humo ndani, chumvi yake ikaganda na kusukuma utando nje. Mnunuzi yuleyule akanipa pauni 30.

Yule bwana wa gulioni bado ananiudhi hadi leo. Hakukishika, hakukigeuza kitako, hakuuliza kama kina ufa. Mtu hajui kitu ananyamaza! Mali ya watu si sufuria ya ugali.

Elewa kwamba maua na dhahabu havimo ndani ya kauri. Vimepakwa juu ya utando wa kioo, vikachomwa kwa moto mdogo kuliko ule ulioyeyusha utando wenyewe, na dhahabu ndiyo hushika kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kitu cha kale hakizamishwi kwenye maji, ya moto wala ya baridi. Vumbi litoe kwa brashi laini ya kupodoa uso. Pakibaki uchafu, pamba iliyonyweshwa maji yaliyochujwa kabisa, ikaminywa, sehemu ndogo kwa wakati, na dhahabu usiiguse. Kabla ya hapo, zima taa ukimulike kwa ile tochi ya kukagulia noti bandia. Palipotengenezwa mara nyingi patang'aa tofauti na pengine. Kigonge pia taratibu kwa ukucha: kizima kinalia kama kengele, chenye ufa kinatoa sauti butu. Na usikinyanyue kwa vishikio, beba kitako kwa mikono miwili.

Doa la kahawia liache. Mnunuzi anayejua hulikuta kila siku.

Kuhusu umri, tazama kama kitakoni pameandikwa neno England. Kwa kawaida ni la kuanzia 1891, kwa sababu ya sheria ya ushuru ya Marekani. Umeshaimwaga hiyo jiki? Nijibu kabla sijalala.