Ukianza kazi ukiwa bado kwenye Universal Credit, tazama tarehe

Ndugu zangu mnaoanza kazi hapa Uingereza, udogo wa mshahara sio unaowaangusha wengi. Tarehe ndizo zinazowaangusha.

Universal Credit, yaani benefiti ya serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, huhesabiwa kwa mwezi wako mwenyewe, sio wa kalenda. Tuseme wako unaanza tarehe 14, unafungwa tarehe 13, na pesa zinaingia tarehe 20. Umeanza kazi Juni mosi, mwajiri analipa tarehe 30. Basi Juni 20 utapokea benefiti nzima, kwa kuwa mpaka tarehe 13 hukuwa umelipwa hata peni. Siku kumi baadaye, mshahara huo hapo! Ndipo tunapojiona matajiri: ada ya mdogo wako inatumwa, fundi wa kule kiwanjani anapewa chake, na upatu unaingia kwa mikono miwili. Julai 20 benefiti inakuja imekatwa, wakati mshahara wa pili ungali mbali. Upatu nao haujui habari za benefiti. Zamu ya kutoa ikifika, utatoa.

Kwa hiyo mshahara wa kwanza toa kodi ya nyumba ya mwezi unaofuata, uiweke kando, ndipo mengine yaanze. Kama kodi ilikuwa ikienda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, angalia zaidi, maana benefiti ikipungua sana naye hupelekewa pungufu, na deni linaandikwa kwa jina lako.

Makato yenyewe hayana siri. Kila pauni ya mshahara inayokufikia mkononi hupunguza peni 55. Ukipata pauni 400, benefiti inashuka 220, unabaki na faida ya 180. Wenye watoto, na wale ambao afya inawabana kufanya kazi, wana kiasi cha mshahara kisichoguswa kwanza. Mchango wa pensheni hutolewa kabla ya hesabu hiyo, kwa hiyo usikimbilie kujitoa kwenye pensheni ukidhani utaokoa pesa yote.

Wanaolipwa kila wiki 4 wana mtego wao. Mishahara ni 13 kwa mwaka, kwa hiyo kuna mwezi utabeba miwili, na benefiti inaweza kusoma sifuri. Usipaniki. Omba tena ndani ya miezi 6, tarehe zako zitabaki zilezile na hutaanza upya kabisa. Mnaolipwa kwa mwezi, kama mshahara umewahishwa kwa ajili ya sikukuu ukakutana na mwingine, andikeni mtandaoni kwenye akaunti yenu ya Universal Credit mkiomba mmoja uhamishiwe mwezi mwingine. Kanuni hiyo ipo tangu Novemba 2020.

Siku ya kwanza kazini mpe mwajiri P45 ya kazi ya zamani, yaani hati uliyopewa ulipoacha kazi inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa. Kama huna, jaza fomu yao ya mfanyakazi mpya bila kuacha swali. Ukiona herufi BR kwenye hati ya mshahara na hiyo ndiyo kazi yako pekee, unakatwa kodi ya mapato ya asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza: piga simu HMRC, mamlaka ya kodi.

Halafu halmashauri. Punguzo la council tax, yaani kodi ya halmashauri kwa kila nyumba, haliko ndani ya Universal Credit, halmashauri ndiyo inayolitoa, kwa hiyo wajulishe mwenyewe wiki hiyohiyo unayoanza kazi. Wakigundua wao baadaye, watakuletea bili ya miezi yote iliyopita kwa mkupuo.