Kumkumbuka babu: anza na waliobaki

Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza ufanye nini maisha ya babu yako yasisahaulike, maana hata sauti yake imeanza kukupotea, na unawaza kuandika kitabu.

Kitabu kisubiri. Kaa kwanza na bibi, kama yupo, na wadogo zake babu, na rafiki zake wa zamani; hao ndio wanaopungua. Warekodi kwa simu, wakiridhia. Usiulize babu alikuwa mtu wa namna gani, utaambiwa alikuwa mtu mwema, basi. Uliza akikasirika alifanyaje, alipenda kumtania nani, kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi. Nenda na picha za zamani. Mzee akiishika picha mkononi humjia majina ambayo ukimuuliza hivi hivi hayaji. Nyuma ya kila picha andika majina, mahali na mwaka kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino huweza kupenya au kuichafua picha ya jirani. Halafu nakala wape ndugu wawili watatu, kwani simu hupotea.

Kuhusu sauti, omba ndugu wapekue jumbe za sauti na video za harusi. Mara nyingi mzee yupo humo kwa nyuma, anacheka au anamkaripia mtoto.

Ukali wake uliotaja uandike pia. Ila ule ugomvi wake na shangazi, ulioutaja pia, mwulize shangazi mwenyewe kabla hujamsomea mtu yeyote.