Nasi Campur ya Mchana Kuala Lumpur: Ushibe Bila Kupigwa

Siku ya kwanza kula mchana katikati ya Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, nililipa ringiti 31 kwa sahani moja. Jamaa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, mtu wa ofisini na kitambulisho chake shingoni, sahani yake ilikuwa imepanda kilima kuliko yangu, na alilipa 9. Nikasema moyoni, basi, mgeni nimeshapigwa. Nilikula kwa hasira mpaka punje ya mwisho, maana hela ilishatoka. Ilinichukua wiki kadhaa za kurudi palepale ndipo nikaelewa kwamba hakuna aliyenipiga. Upawa nilikuwa nimeushika mwenyewe.

Nilikuwa mwanafunzi Gombak, pembezoni mwa jiji hilo, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, ambako ukizunguka mabwenini hukosi kusikia Kiswahili cha Unguja au cha Mombasa. Vijana wanaojiandaa kwenda huko huniuliza habari za viza na malazi. Habari za chakula hawaulizi, wanadhani watapika. Labda usiku. Mchana hutapika, utakula kama wenyeji wanavyokula, na bora ujue mapema inavyokwenda.

Treni ya LRT inaanzia Gombak na kukushusha Masjid Jamek, pale mito miwili inapokutana na msikiti wa mwaka 1909 umekaa kwenye njia panda ya maji. Mitaa inayozunguka kituo ina benki, ofisi, maduka ya vitambaa, na ikifika saa saba mchana watu wote hao wanataka kula kwa mpigo. Hapo ndipo utaikuta nasi campur, tamka "champur". Campur ni kuchanganya. Nasi ni wali, si nazi, ingawa sisi tuna haki ya kuchanganyikiwa, kwa sababu ile nasi lemak yao maarufu ni wali wa nazi hasa. Nasi ya nazi.

Utaratibu ni huu. Kuna kaunta ndefu yenye trei ishirini, thelathini, kila trei na upawa wake. Unachukua sahani, unapakua wali, unapita mdogomdogo ukijiwekea unachotaka. Hakuna menyu wala mizani. Ukifika mwisho, mama mmoja aliyeshika kalamu anaitazama sahani yako kwa sekunde mbili, anaandika namba kwenye kikaratasi, anakupa. Imekwisha. Kwa mama ntilie wa kwetu bei unaijua kabla hujakaa, kinachobaki ni kumbembeleza akuongezee mchuzi. Huku kiasi unapanga wewe, bei anapanga yeye, na mchuzi hakuna anayekuzuia.

Sasa, jicho la yule mama linahesabu nini? Linahesabu vilivyokuwa hai. Kuku ni bei hii, samaki ile, ngisi nyingine, na kamba wakubwa usiombe. Mboga linahesabu aina, kiasi halijali sana. Mchuzi halihesabu kabisa. Siku yangu ya kwanza niliweka kipande cha samaki wa kari, ngisi wa pilipili, na kamba wawili waliokuwa wananitazama vizuri. Wanyama watatu kwenye sahani moja kama harusi. Yule jamaa wa ofisini alikuwa na wali mwingi, paja moja la kuku wa kukaanga, kabichi, majani mabichi kibao, halafu, na hapa ndipo nilipomvulia kofia baadaye, aliingiza upawa kwenye trei ya samaki, akamsukuma samaki pembeni kwa adabu, akateka mchuzi mtupu. Akamwagia wali wote. Ladha ya samaki alikula, samaki hakumlipia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kitoweo kimoja tu. Ukikishachagua, vingine vyote viwe majani na mchuzi. Na kama macho yamependa kitu usichokijua bei, uliza kabla ya kukigusa. Sema "Ini berapa?", yaani hii ni kiasi gani, huku ukikionyesha. Usione haya, wenyeji wenyewe huuliza, hasa kwa samaki wakubwa. Ukishakaa na kula nusu huna kesi tena. Nao wana neno lao la kulipishwa bei ya juu: "kena ketuk", kugongwa. Sisi tunapigwa, wao wanagongwa. Maumivu ni yaleyale.

Katika kuuliza, chunga namna ya kuita. Mimi nilimwita mwanamume aliyekuwa akijaza trei, "Kaka!" Hakugeuka. Akageuka dada aliyekuwa akikata matango, akaniambia kitu nisichokielewa, wenzake wakacheka. Kumbe kwa Kimalay "kakak" ni dada mkubwa, na wanafupisha "kak". Mwanamume ni "abang", au "bang". Mama wa makamo ni "makcik", mzee ni "pakcik", tamka "makchik" na "pakchik". Wakitaka utani wanaita kila mtu "boss", hata wewe mwenye viatu vilivyotoboka. Nilijifunza hayo manne, na naapa wali wangu ulianza kuongezeka.

Ukipita kwenye trei usikimbilie vitu vyekundu tu. Tafuta majani ya kijani yaliyolala kwenye tui la nazi, "masak lemak pucuk ubi". Onja. Hicho ni kisamvu. Hakikutwangwa kama chetu, majani yanabaki mazimamazima, lakini ni kisamvu cha nazi, na siku niliyokigundua nilisimama katikati ya foleni mpaka mtu akanigusa bega. Kuna pia fenesi bichi la nazi, kuna kambare wa kukaanga anayeitwa keli, kuna "ikan bilis", ambao ni dagaa tu waliokaangwa wakakauka. Mtu wa Pwani hatalala njaa.

Tahadhari moja ya kweli: mchuzi wa njano mpole, wenye tui na manjano, unaoitwa "masak lemak cili api". Sura yake ni ya chakula cha mgonjwa. Cili api ni pilipili kichaa, na wamezitwanga ndani, huzioni. Ni mapishi ambayo watu wa jimbo la Negeri Sembilan wanajivunia sana. Nami nilijivunia kuwa mtu wa pilipili, mpaka siku hiyo.

Pembeni ya kaunta utaona sinia la majani mabichi, matango, maharage yenye mabawa manne, wakati mwingine mbegu za kijani zenye harufu nzito ziitwazo petai. Hiyo ni "ulam", na karibu yake kuna bakuli la "sambal belacan", pilipili iliyotwangwa na uduvi uliochachushwa. Unachukua jani, unachovya, unakula na wali. Wageni huiruka wakidhani ni mapambo. Usiiruke. Bei yake ni ndogo kuliko karibu vyote, inapoza nazi na mafuta, na ndiyo inayomfanya mtu ashibe kwa kuku mmoja. Petai nakuachia uamuzi, ila usile kama mchana una mtihani wa mdomo.

Muda. Ofisi nyingi hutoka saa saba, na kuanzia hapo mpaka saa nane utasimama na sahani ya moto ukitafuta kiti. Fika saa sita na nusu: trei zimejaa, samaki bado wana ngozi. Ukifika saa nane na nusu utakuta mchuzi na majuto. Na kama umechelewa kidogo, simama dakika moja utazame jikoni wanajaza trei gani. Kilichojazwa sasa hivi ndicho kinachotoka sana, na ndicho cha moto. Tumbo langu liliniuma mara moja tu miaka yote, kwa sababu ya ngisi aliyekuwa kaunta tangu asubuhi, mpweke.

Ijumaa ni habari nyingine. Ofisi za serikali hupumzika kuanzia saa sita na robo mpaka saa tisa kasorobo kwa ajili ya swala, na migahawa mingi ya Wamalay hufunga au hubakiza mtu mmoja. Ama kula kabla, ama subiri watu watoke msikitini na ukubali msongamano. Ramadhani mchana usitarajie kabisa.

Kiti ukikiona wazi kwenye meza ya watu, onyesha kwa mkono mzima na kuuliza "Ada orang?", yaani kuna mtu? Wakitikisa kichwa kaa. Kushiriki meza na usiowajua ni kawaida, na si lazima kuongea. Sinki la kunawa liko nyuma. Wengi hula kwa mkono wa kulia kama sisi, na wasiotaka wana kijiko na uma, kijiko ndicho kinachoenda mdomoni.

Kinywaji hakimo kwenye kile kikaratasi. Mhudumu atakuja mezani kuuliza. Kila mtu atakuambia unywe "teh tarik", chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu, na ni kweli ni tamu, tatizo ni kwamba ni tamu mno, imejaa maziwa mazito ya kopo. Sema "kurang manis", sukari ipungue. Mchana wa jua mimi huagiza "teh o ais limau", chai ya rangi yenye barafu na ndimu. Chai na barafu, ndiyo, hata mimi nilikataa mwanzoni. Ukiwa umefulia kuna "air suam", maji ya vuguvugu, senti chache tu, na hakuna atakayekutazama vibaya. Tamka "ayer", ukisema kwa Kiingereza watadhani unataka feni.

Na tukiwa kwenye kufulia: mwaka 2023 serikali ilianzisha Menu Rahmah, mlo kamili usiozidi ringiti 5 kwenye migahawa iliyojiunga. Rahmah ni rehema ileile, neno halihitaji mkalimani. Mara nyingi haimo kwenye trei za mbele, lazima uulize: "Menu Rahmah ada?" Nimeona watu wenye suti wakiuliza, na wanafunzi wakijifanya hawakusikia.

Kwa Waislamu wenzangu, mfumo huuhuu wa trei na jicho unatumika pia kwenye migahawa ya Wachina, unaitwa "chap fan", na huko nguruwe ni wa kawaida. Tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Migahawa mingi midogo ya Waislamu haina nembo, basi uliza, swali hilo halimkeri mtu. Kwa Watamil Waislamu, wale wanaoitwa mamak, kuna "nasi kandar" yenye asili ya jimbo la Penang. Pale hujipakulii, na ukisema "banjir", mafuriko, wali wako utazama kwenye michuzi mitatu kwa pamoja. Siku ukienda kula na njaa ya kweli, sema hilo neno.

Kulipa, karibu kila kaunta ina karatasi ya DuitNow ya kuskani kwa simu, lakini mara nyingi inataka uwe na akaunti au pochi ya simu ya huko. Wiki za mwanzo tembea na noti ndogondogo. Ukitoa noti ya 100 kwa chakula cha 8 saa saba na nusu, foleni nzima itakujua.

Kama huna nafasi ya kukaa, sema "bungkus". Watakupa karatasi ya kahawia, unapakua juu yake, wanakunja na kufunga mpira. Ongeza maneno mawili, "kuah asing", mchuzi kando, wakufungie kwenye mfuko wake. Kutoka Masjid Jamek mpaka Gombak ni safari ya kutosha wali kuwa uji, na mara ya kwanza uji wangu ulishuka nami mpaka ndani ya begi, kwenye daftari.